Ofisi Yetu ya Mawakili Ilipoingia Mtandaoni

Tulipofungua ofisi yetu ya uwakili pale Mazwi, mjini Sumbawanga, mimi na mwenzangu tuliamini kwamba kibao kinatosha. Kilikuwa kibao cha bati, kimeandikwa na fundi yule yule aliyekuwa akiwaandikia vinyozi na wenye mashine za kusaga, na tulikitundika juu ya mlango ulioelekea njia ya watu wa baiskeli. Waliokwenda sokoni walipita chini yake asubuhi, wakapita tena wakirudi. Walikisoma, wakatusalimu, wakaendelea na safari zao.

Mwenzangu alikuwa hakimu mstaafu. Alikuwa amehukumu kesi katika wilaya nyingi za nchi hii kabla ya kurudi kwao Ufipa, na watu wa mjini walimwita Mheshimiwa hata walipomkuta dukani amevaa kandambili. Mimi nilimwita Mzee. Nilikuwa binti wa wakulima wa Kasense, nje kidogo ya mji. Baba yangu alifariki nikiwa bado msingi, na aliyenisomesha kuanzia hapo ni baba yangu mdogo, kwa ulezi na maharage yake. Nilikula kiapo cha uwakili Dar es Salaam, nikafanya kazi huko miaka michache kwenye ofisi yenye lifti, kisha nikarudi. Watu waliniuliza nimefukuzwa nini. Sikufukuzwa. Nilitaka kuishi mahali ambapo Jumapili naweza kumfikia mama yangu kwa baiskeli.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Kampuni za simu zilishindana kusimamisha minara, kila kilima na mnara wake. Barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa inachimbwa ili iwekwe lami, na vumbi lake lilitua hadi kwenye majalada yetu. Maduka yalijaa simu za Kichina, zile za kupangusa, na vijana walizishika hata wakiwa wameegemea baiskeli zao kungoja abiria. Sisi ofisini tulikuwa na kompyuta moja ya kuchapia na modemu ya kuchomeka ambayo ilipata mtandao vizuri zaidi ukiiweka dirishani.

Wateja tulikuwa nao, ila ni wale wale: watu waliomjua Mzee enzi za mahakamani, na ndugu zao. Walikuja shida ikiwa imeshakuwa kesi, wengine wito wa mahakama wakiwa nao mkononi. Wale ambao shida yao ilikuwa bado changa, ambao maneno machache ya mtu anayejua yangewaokoa, hao hatukuwaona.

Siku moja alikuja mama mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Alikuwa ameshatia saini mkataba mbaya wa pango, na hapakuwa na mengi ya kumsaidia. Nilimwuliza kwa upole kwa nini hakuja kabla ya kusaini, na yeye duka lake haliko mbali na sisi.

"Niliwatafuta kwenye simu," akasema. "Sikuwaona. Nikadhani mmefunga."

"Lakini kibao si unakiona kila siku?"

"Kibao nakiona. Hata ofisi zilizofungwa zina vibao, dada."

Alipoondoka nilichomeka modemu, nikaandika neno wakili na neno Sumbawanga. Ilichukua muda ukurasa kufunguka. Mtanzania yeyote anajua kinachosemwa kuhusu mji wetu, na mtandao nao ulikuwa umeshasikia. Zilikuja habari za uchawi, za radi iliyotumwa, za mtu aliyesafiri kwa ungo, na katikati yake tangazo la mganga mmoja aliyedai anashinda kesi za aina zote bila mteja kufika mahakamani. Ofisi yetu haikuwepo mahali popote.

Nilimwita Mzee aje aone. Alivaa miwani, akasoma tangazo la mganga mwanzo hadi mwisho, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu anatushinda," akasema. "Anatoa hadi dhamana ya kushinda."

"Ndiyo maana nasema na sisi tuwe na ukurasa wetu."

Akaacha kucheka. "Binti, unajua sisi hatujinadi. Wakili hasimami barabarani kuita watu. Ni kosa la kimaadili, na ni aibu vilevile."

"Sitaki tuite watu, Mzee. Nataka anayetutafuta atuone."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. Mzee alikuwa na desturi ya kutojibu jambo zito siku lilipoletwa, nadhani ilitokana na miaka ya kuahirisha kesi. Siku kadhaa baadaye, tukiwa tunakunywa chai, alisema kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatika dakika ile ile: "Tukieleza sheria, sina neno. Tukijieleza sisi, hapo nitakataa." Tulifanya kazi kwa kanuni hiyo mpaka mwisho.

Ukurasa wa kwanza ulitengenezwa na bwana mmoja wa Dar es Salaam niliyemfahamu tangu ile ofisi yenye lifti. Aliutengeneza kama alivyowatengenezea watu wa huko. Ulikuwa wa Kiingereza. Juu kabisa palikuwa na picha ya maghorofa ya vioo, na chini yake Wazungu wawili wenye tai wanapeana mikono.

Mzee aliwakodolea macho wale Wazungu. "Hawa ni nani?"

"Ni picha tu, Mzee."

"Mtu akija akawaulizia, tutamwambia wamekwenda wapi?"

Hakuna aliyekuja kuwaulizia. Hakuna aliyekuja kabisa. Barua pepe tulizopata zilitoka kwa watu wa nchi za mbali waliotaka wakili mwaminifu wa kuwapokelea urithi wa jenerali fulani aliyekufa. Mzee alitaka kuwajibu, kwa sababu alilelewa kwamba barua lazima ijibiwe, nami nilipata kazi ya kumzuia. Na pale stendi nilipojaribu kuufungua ukurasa wetu kwenye simu ya Kichina ya dada mmoja muuza chai, maghorofa yale yalifunguka nusu, yakakwama hapo hapo. Aliniambia yamelemea simu yake.

Nilimpigia yule bwana wa Dar. Sikumlaumu, alifanya kazi aliyoambiwa. Akaniuliza swali moja ambalo sikuwa nimejiuliza: "Mtu wa huko kwenu akiwa na shida, anaandika maneno gani?"

Nikamwambia wanaandika usimamizi wa mirathi, migogoro ya ardhi, mikataba.

"Umewahi kumsikia mtu akisema hivyo akiwa na shida?"

Nilikata simu nikiwa naangalia benchi la wateja. Mwezi ule wote nilisikiliza. Hakuna aliyekaa kwenye lile benchi akasema anataka usimamizi wa mirathi. Walisema: baba amefariki, shemeji kaingia kwenye nyumba. Walisema: nimenunua kiwanja, kumbe kimeuzwa mara mbili. Walisema: mume wangu yuko Mpanda na mwanamke mwingine, watoto ninao mimi, nifanyeje? Yalikuwa maneno ya kila siku, na mimi mwenyewe niliyasema hivyo hivyo nilipokuwa nyumbani. Chuo kilikuwa kimenifundisha kuyatafsiri kabla sijayasikiliza vizuri.

Basi tukaufumua ukurasa wote. Tukaondoa Kiingereza, maghorofa na wale mabwana wa kupeana mikono. Tukaweka picha moja tu, ya mlango wetu, ndogo ili ifunguke kwenye simu yoyote. Mitaa yetu haikuwa na majina yanayojulikana, kwa hiyo njia ya kufika niliieleza kama ningemweleza mgeni aliyeshuka basi la Namanyere: pita soko, ukisikia mashine ya kusaga uko karibu, ulizia kwa Mheshimiwa. Kisha tukaanza kuandika, makala fupi moja kwa kila shida, na kichwa cha habari kikiwa maneno yale yale ya benchini. Mimi niliandika, Mzee alikagua. Alikagua kama anayeandika hukumu. Nilipoandika kwamba ofisi yetu ina uzoefu mkubwa, alifuta. Nilipoandika tunajivunia, alifuta na kuchora mstari wa pili ili nisijaribu tena.

"Mwambie mtu afanye nini Jumatatu asubuhi," alikuwa akisema. "Hayo mengine atayaona akifika."

Haikuwa kazi ya kufurahisha sana. Umeme ulikatika, modemu ilikwama, na kwa miezi mingi tulikuwa kama watu wanaohutubia uwanja mtupu. Lakini taratibu simu zikaanza kuita. Mtu wa Laela, mtu wa Matai, Mfipa aliyehamia Mbeya anayeulizia nyumba ya marehemu baba yake. Siku moja niliandika tena wakili na Sumbawanga, nikakuta tumempita yule mganga. Nilimwita Mzee. Mchana ule alitununulia wote wawili samaki wa kukaanga, migebuka, kutoka kwa mama wa pembeni, na hiyo haikuwa desturi yake.

Makala iliyotuletea matatizo niliiandika wakati wa mvua. Ilihusu njia ya ng'ombe. Wafugaji wa Kisukuma walikuwa wameingia uwanda wa Ufipa miaka mingi nyuma wakitoka upande wa Ziwa Victoria, wakiwa na mifugo na familia zao. Walikuwa majirani zetu sasa, lakini kila msimu palikuwa na mgogoro: njia ya kwenda kwenye maji imelimwa, ng'ombe wameingia shambani. Niliandika kwamba njia ambayo majirani wote wameitumia na kuitambua kwa muda mrefu haifungwi na mtu mmoja kwa kuamua tu kuilima. Anayefungiwa asipitishe ng'ombe kwa nguvu wala asigombane. Aende serikali ya mtaa, na isipowezekana hapo aende Baraza la Kata. Nilipokuwa naandika nilikuwa na njia moja kichwani, ile iliyoshuka kutoka kwetu Kasense hadi kijitoni, ambayo niliipita utotoni nikiwa na ndoo. Nilihitaji kuona njia ya kweli ili maneno yakae sawa. Mzee aliikagua, akabadilisha neno moja, tukaiweka.

Mwishoni mwa masika, asubuhi ya ukungu na baridi, baba mdogo aliingia ofisini. Alikuwa hajawahi kufika pale tangu siku ya ufunguzi. Alikuwa amevaa koti zito alilorithi kwa baba yangu, na matope yalikuwa yamefika magotini. Nilipiga goti na makofi kama tunavyowasalimu wakubwa wetu nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alikaa kwenye benchi la wateja ingawa nilimvutia kiti. Chai aliikataa. Kisha akaniuliza kwa Kifipa, na alipoona dada mmoja mteja anasikiliza, akageukia Kiswahili, kama vile alitaka naye ashuhudie: "Nani alikutuma kuandika habari za shamba langu?"

Sikuelewa. Nilimwambia sijaandika habari za shamba lake.

"Jana kwenye mkutano wa mtaa nimesomewa maneno yako. Binti wa yule jirani Msukuma mwenye ng'ombe kasimama mbele ya watu na simu, kayasoma yote, pole pole, kama mwalimu. Halafu kainua simu watu waone picha ya mlango wako. Mwenyekiti akaniambia, lakini huyu si mtoto wenu? Watu wakacheka."

"Baba, sikujua kama umeilima ile njia."

"Kwani iko njia nyingine ya ng'ombe unayoijua wewe?"

Pale pale nikaona jinsi alivyokuwa amezeeka. Mikono yake ilitulia juu ya magoti kana kwamba imewekwa pale na mtu mwingine.

"Tulikusomesha utusemee," akasema. "Leo unawasemea wengine kwenye simu, na sisi tunasomewa. Futa."

Mzee alikuwa amesikia kutoka chumba cha ndani. Alitoka, akamsalimu baba mdogo kwa mikono miwili, akakaa naye kwenye lile benchi. Wawili hao walikuwa karibu rika moja. Alimweleza kwamba mimi sitaweza kumtetea katika jambo hilo, kwa sababu ni ndugu, na tumeshaandika hadharani juu ya jambo lenyewe. Wala sitamtetea yule mfugaji. Wala yeye Mzee hatafanya hivyo, kwa kuwa ofisi ni moja.

"Basi mna faida gani?" aliuliza baba mdogo.

"Kwa leo, hatuna," alijibu Mzee, na nadhani ukweli huo ulimpoza baba mdogo kuliko maneno yoyote matamu.

Kesho yake akaja mfugaji mwenyewe na binti yake. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, kofia ya duara na fimbo, viatu vya tairi, na aliiacha fimbo nje bila kuambiwa. Binti alikuwa anasoma chuo cha ualimu na alikuwa likizo. Yeye ndiye aliyezungumza kwanza.

"Niliandika tu, njia ya ng'ombe imelimwa, tufanyeje. Ukaja wewe."

Niliwapa viti, kisha nikawaambia kabla hawajasema zaidi, maana ndivyo inavyotakiwa. "Mwenye shamba lile ni baba yangu mdogo. Siwezi kuwasimamia."

Walitazamana. Binti aliishusha simu mapajani. Baba yake akauliza, "Kwa hiyo uliandika ukijua ni yeye?"

"Sikujua."

"Basi ni vizuri. Ungejua, usingeandika."

Mpaka leo sijui kama alikosea. Nilimwambia naweza kumpa jina la wakili mwingine mjini. Akatikisa kichwa.

"Mimi sikuja kutaka wa kunisimamia, mama. Nilikuja kukuona. Huyu mtoto ananionyesha maneno kwenye simu, nikamwambia, twende tukaone kama ni mtu."

Walipoondoka Mzee aliniambia, bila kunitazama, kwamba kama nataka kuiondoa ile makala yeye hatanipinga. Nilikaa nayo moyoni wiki nzima. Sikutaka kuiondoa, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimekula ulezi wa baba mdogo tangu nikiwa mtoto.

Jumapili nilikwenda Kasense. Nilimkuta baba mdogo nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Nilikaa juu ya gogo. Nikamwambia sitafuta.

Aliendelea kuchonga. "Najua hutafuta. Ni kweli ulichoandika." Akapuliza vumbi la mti. "Ila ni nusu."

"Nusu ipi imebaki?"

Hapo ndipo akazungumza. Aliniambia jinsi mtu anavyoamka alfajiri na kukuta ulezi alioupalilia kwa mikono umelala chini, umekanyagwa, na kwato zimejaa maji ya mvua. Kwamba ng'ombe hawaili njia, wanakula wanachokikuta pembeni, na kila mwaka njia inapanuka hatua chache, kila mwaka, mpaka siku moja mtu anaona afadhali ailime yote kuliko kuendelea kuipoteza kidogo kidogo. Kwamba alipokwenda kulalamika aliambiwa alete ushahidi ng'ombe ni wa nani, na ng'ombe wameshaondoka. "Wewe umeandika habari za mwenye ng'ombe anayefungiwa," akasema. "Mwenye ulezi akiandika kwenye simu, atakuta nini?"

Angekuta habari za radi na ungo. Nilimwomba aseme tena, pole pole, nami nikayahifadhi kwenye simu yangu maneno yake kama alivyoyasema. Jumatatu Mzee aliyapanga kisheria: mwite jirani na mjumbe waone uharibifu kabla hujagusa kitu, piga picha kama simu yako inaweza, usiwakate ng'ombe wala usiwazuie peke yako, omba bwana shamba aje akadirie. Kichwa cha habari kilikuwa maneno ya baba mdogo: ng'ombe wamelala kwenye ulezi wangu. Tukaiweka chini ya ile ya kwanza, ili anayesoma moja aone na nyingine.

Shauri lilifika Baraza la Kata. Mawakili hawakuwa na nafasi pale, na hata kama wangekuwa nayo sisi tulikuwa tumejitoa. Nilikwenda kama mtoto wa nyumbani, nikakaa na shangazi zangu kwenye nyasi. Wajumbe hawakutaka kusikiliza wakiwa wamekaa. Walisema twende tukaone. Kundi zima likashuka kufuata ilipokuwa njia, katikati ya mabua yenye umande. Baba mdogo alionyesha palipokanyagwa. Mfugaji alionyesha mti ambao zamani ng'ombe walijisugulia, gome lake limekuwa laini, na sasa ulikuwa katikati ya maharage.

Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja wa makamo mwenye kitenge cha Bikira Maria, alimwambia yule binti, "Tulisikia ulisoma kwenye mkutano. Soma tena, sote tusikie." Binti alisoma ya kwanza. Kisha akasita. Akaangalia kioo cha simu yake, akamwangalia baba yake, akasema, "Kuna nyingine chini yake, sikuwahi kuiona." Akaisoma nayo. Alisoma vizuri, sauti haikutetereka, hata alipofika kwenye kwato zilizojaa maji. Baba mdogo alikuwa anatazama kijitoni. Alipomaliza, mfugaji alivua kofia.

"Ng'ombe wangu wamekula," akasema. "Hilo sikatai. Walipita palipokuwa njia, lakini wamekula."

Hapakuwa na mshindi siku ile. Walikubaliana njia isogezwe pembeni, ifuate ukingo wa shamba ambako udongo ni wa mawe, na upana wake uwekewe miti ya mipaka. Wakati wa mazao ng'ombe wapitishwe na mtu mzima. Halafu mmoja wa wajumbe akauliza, kama mtu anayewaza kwa sauti, baada ya mavuno ng'ombe wanalala wapi. Mfugaji akasema zizini. Mjumbe akasema, si walale kwenye mabua ya huyu mzee, waache mbolea. Baba mdogo hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Kwetu hiyo ni ndiyo.

Baadaye walituuliza, kwenye semina moja ya mawakili Mbeya, tulifanya nini kujulikana mtandaoni. Mzee aliniachia nijibu. Nikasema tuliandika kwa Kiswahili, tukapunguza picha, tukaeleza njia ya kufika. Yote hayo ni kweli, na watu waliyaandika. Sikuwaambia kwamba makala iliyosomwa kuliko zote ilisemwa na mzee aliyekuwa anachonga mpini, akiwa amenikasirikia. Wakulima wa Namanyere walipiga simu kwa ajili ya makala hiyo. Wafugaji pia walipiga, na wengi wao walianza kwa kuuliza sisi tuko upande gani.

Baba mdogo hakurudi kunizungumzia jambo lile. Kwa muda alinisalimu kwa ufupi, kisha ufupi ukaisha wenyewe, na sikumbuki siku ulipoisha. Mavuno yalipopita nilipita Kasense jioni moja nikaona moto mdogo shambani kwake, na ng'ombe wamelala wakiuzunguka, na mfugaji na baba mdogo wameketi kila mmoja upande wake wa moto, wakitafuna mahindi ya kuchoma. Hawakuwa wakiongea sana. Nilisalimu nikaendelea.

Msimu uliofuata, mahindi yakiwa yamenipita kichwa, baba mdogo aliniita shambani. Yalikuwa ya kijani kibichi kinachokaribia weusi, pale pale ng'ombe walipokuwa wamelala. Alisimama katikati yake, amevaa shati lake la kanisani, ameweka mkono kwenye bua.

"Nipige picha. Uiweke kule kwako."

"Baba, kule ni mambo ya sheria. Hatuweki mahindi."

"Weka tu."

Nikapiga, nikaiweka chini ya makala ya njia. Mzee alipoiona alivua miwani, akaivaa tena, akasema sasa tumeanza kujinadi, tena kwa mahindi. Lakini hakuifuta. Wiki ile ile ilikuja simu kutoka Mpui, mtu ana sauti ya haraka, anataka kujua mbegu ile ni ya aina gani. Nilimwambia asubiri kidogo, nikampa namba ya baba mdogo.